Kunguni wanaonuka: Mdudu anayeshusha bei ya maharage, mahindi na kahawa Karagwe na Kyerwa

Karagwe/Kyerwa. Hali majani, hatoboi bua na wala haachi unga unga kama viwavijeshi. Mkulima anaweza kupita kwenye maharage yake kila siku na asione tatizo. Siku ya kupura ndipo mambo yanapobadilika: punje zina madoa, nyingine zimesinyaa, na mnunuzi akizishika kiganjani anataja bei ya chini.

Mara nyingi lawama huangukia mvua au mbegu. Lakini mhusika anaweza kuwa mdudu mdogo mwenye umbo la ngao, anayeacha harufu kali mkononi ukimshika. Ni kunguni anayenuka.

Katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Kagera, ambako maharage, mahindi, migomba na kahawa huota kwenye kibanja kimoja, mdudu huyu ana chakula karibu mwaka mzima. Haya ndiyo mambo ya msingi ya kumfahamu.

Kwa kifupi

- Ni mdudu anayefyonza, hatafuni. Ndiyo maana huoni matundu kwenye majani.
- Hupenda punje changa, maganda machanga na matunda ya kahawa.
- Hasara yake kubwa iko kwenye ubora kuliko kwenye idadi ya magunia.
- Kukagua shamba mapema asubuhi ni hatua ya kwanza, kabla ya kufikiria dawa.

Ni mdudu gani hasa?

Kunguni wanaonuka ni wa familia ambayo wataalamu huiita Pentatomidae. Familia hii ina maelfu ya aina duniani. Wapo wa kijani, wa kahawia, na wengine wana madoa ya rangi ya chungwa, meupe au meusi.

Alama ya kuwatambua ni umbo. Mgongo wao unafanana na ngao: mabega mapana, na katikati ya mgongo kuna pembetatu kubwa inayoelekea nyuma. Papasi zao zina vipande vitano.

Wana undugu wa mbali na kunguni wa kitandani, lakini maisha yao ni tofauti kabisa. Wa kitandani hunyonya damu ya watu. Hawa wa shambani wengi hunyonya utomvu wa mimea, na wachache huwinda wadudu wengine. Kwa hiyo si kila kunguni unayemwona shambani ni adui.

Harufu inatoka wapi?

Harufu ni silaha yake. Mdudu mkubwa ana tezi chini ya kifua, karibu na miguu. Watoto wake wana tezi hizo mgongoni. Akiguswa au akihisi hatari, hutoa majimaji yenye harufu kali ili ndege na wadudu wengine wamwache.

Harufu hiyo haina madhara makubwa kwa mtu, ila inaweza kuwasha ikiingia machoni. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumkamata.

Anakulaje?

Ana mdomo mrefu kama sindano, ambao huulaza chini ya kifua asipokula. Akipata punje changa huichoma sindano hiyo, huingiza mate yenye vimeng'enya vya kulainisha chakula, kisha hufyonza.

Madhara yanakuja kwa njia tatu:

1. Punje inapoteza chakula chake, inasinyaa au inakuwa nyepesi.
2. Mate yanayobaki ndani yanaendelea kuharibu punje hata mdudu akishaondoka.
3. Tundu dogo la sindano linakuwa mlango wa kuvu na bakteria.

Hii ya tatu ndiyo inayowaponza wakulima wengi, kwa sababu tundu lenyewe halionekani kirahisi kwa macho.

Kwenye maharage

Anayejulikana zaidi ni kunguni wa kijani, *Nezara viridula*. Ana urefu wa takriban sentimita moja na nusu, na ni kijani kibichi mwili mzima, rangi inayomficha vizuri kwenye majani. Mwanasayansi wa Sweden, Carl Linnaeus, alimpa jina la kisayansi mwaka 1758. Leo yupo karibu mabara yote yenye joto, na Afrika Mashariki inatajwa miongoni mwa maeneo yanayodhaniwa kuwa asili yake.

Hushambulia zaidi maharage yanapoanza kutoa maganda hadi punje zinapojaa. Ganda likichomwa likiwa dogo, linaweza kudondoka. Likichomwa baadaye, linabaki mtini lakini ndani kuna punje yenye doa lililobonyea, na mara nyingi doa hilo lina kuvu anayebebwa na kunguni mwenyewe.

Punje hizo zina hasara mbili. Sokoni hazivutii. Na zikirudishwa shambani kama mbegu, uotaji wake unakuwa hafifu. Kwa familia inayotunza mbegu yake yenyewe kutoka msimu hadi msimu, hilo ni pigo la msimu huu na ujao.

Kwenye mahindi na mtama

Kwenye mahindi machanga, kunguni huchoma shina karibu na ardhi. Majani yakifunguka yanaonyesha matundu yaliyojipanga kwa mstari, na mmea unaweza kudumaa au kutoa machipukizi ya pembeni.

Mahindi yakifika hatua ya kutoa magunzi, kunguni akichoma gunzi changa upande mmoja, upande huo unaacha kukua huku mwingine ukiendelea. Matokeo yake ni hindi lililopinda kama ndizi, lenye mapengo ya punje.

Kwa mtama, hatari iko kwenye suke wakati punje zina maziwa. Kwa ukanda wetu, Sudan ndiyo inayojulikana zaidi kwa tatizo hili: kunguni wa aina ya *Agonoscelis* hujazana kwenye masuke ya mtama, na watu wa huko wamekuwa wakipambana naye kwa miaka mingi.

Kwenye kahawa

Hapa ndipo habari inapowagusa zaidi watu wa Karagwe na Kyerwa, kwa kuwa kahawa ndiyo inayolipa ada na kuezeka nyumba.

Kunguni wa kahawa anaitwa antestia, kwa jina la kisayansi *Antestiopsis*. Ni mdogo kuliko yule wa kijani: milimita 6 hadi 8 hivi. Ana rangi ya kahawia iliyokolea, yenye mabaka ya chungwa na meupe.

Anapenda zaidi arabika kuliko robusta. Kagera inajulikana kwa robusta, lakini arabika nayo ipo, na wenye miti hiyo ndio wanaotakiwa kuwa macho zaidi. Dalili zake ni hizi:

- Vichomozo vya maua vinageuka kahawia na kukauka.
- Matunda machanga yanadondoka.
- Matawi yanatoa vijitawi vingi vifupi vilivyosongamana.
- Buni ndani ya tunda inakuwa na michirizi meusi au inaoza.

Lakini balaa kubwa liko kwenye kikombe. Katika nchi za Maziwa Makuu, hasa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, kahawa ya arabika imekuwa ikikutwa na kasoro inayoitwa ladha ya kiazi. Kahawa nzuri kabisa ghafla inanuka kama kiazi mviringo kibichi kilichomenywa. Kinachosababisha ni kemikali za jamii ya pirazini, na tatizo hilo linahusishwa na matundu ya antestia pamoja na bakteria wanaoingia humo. Mwaka 2015, watafiti walimpa jina bakteria mmoja anayehusishwa na kasoro hiyo: *Pantoea coffeiphila*.

Kasoro hii haidhuru afya ya mnywaji. Ila buni chache tu, hata moja, zinatosha kuharibu kikombe kizima. Mnunuzi wa kahawa ya daraja la juu akikutana na kikombe cha namna hiyo, anaanza kuwa na shaka na gunia lote. Na Rwanda iko ng'ambo tu ya Mto Kagera.

Somo kutoka kwenye ngano

Karagwe na Kyerwa si wilaya za ngano. Nchini zao hilo linajulikana zaidi katika maeneo kama Hanang, Karatu na Makete. Hata hivyo, kisa cha ngano kinaonyesha vizuri jinsi mate ya kunguni yanavyofanya kazi.

Katika nchi za Uturuki, Syria, Iraq na Iran kuna ndugu wa karibu wa kunguni wanaonuka, *Eurygaster integriceps*, anayefyonza punje za ngano zikiwa shambani. Mate yake yana kimeng'enya kinachovunja gluteni, ile protini inayoufanya unga uvutike. Ukikanda unga huo unalegea, na mkate hauumuki.

Inaelezwa kuwa asilimia 2 hadi 5 tu ya punje zilizochomwa zinaweza kulifanya fungu zima la ngano lisifae kwa mkate. Yaani magunia yapo, uzito upo, lakini mwokaji hayataki. Ni mchezo ule ule wa kahawa na kiazi: mdudu haibi debe, anaiba bei.

Maisha yake kwa ufupi

Jike hutaga mayai yenye umbo la pipa, kwa kawaida chini ya jani, yakiwa yamepangwa vizuri kama vikombe kwenye sinia. Kunguni wa kijani hutaga kundi la mayai kati ya 30 na zaidi ya 100. Antestia hutaga kama 12 kwa kundi.

Mayai yakianguliwa hakuna kiwavi wala buu. Wanatoka watoto wadogo wasio na mabawa, wanaofanana kwa mbali na wazazi wao. Hujivua ngozi mara tano kabla ya kuwa wakubwa. Watoto wa kunguni wa kijani wakitoka tu hukaa pamoja juu ya maganda ya mayai siku chache bila kushambulia mmea.

Hapo ndipo pa kuwamaliza kirahisi. Jani moja ukiling'oa na kuliponda, umeondoa kundi zima kabla halijasambaa.

Kutoka yai hadi mdudu mkubwa, kunguni wa kijani huchukua takriban wiki 5 hadi 10, kutegemea joto. Kukiwa na ubaridi, muda unarefuka.

Kwa nini kibanja kinampendeza?

Kagera hupata mvua misimu miwili, vuli na masika. Maharage ya vuli yakitoka, haipiti muda mrefu ya masika yanaingia. Katikati yake kuna kahawa, mboga, nyanya, mchicha na magugu. Kunguni wa kijani hula mimea ya aina nyingi sana, hivyo zao moja likikauka anahamia jingine.

Kibanja chenyewe hakina kosa. Mchanganyiko wa mazao pia huwapa hifadhi nyigu wadogo, buibui na siafu wanaowala au kuwaharibu kunguni. Tatizo huanza pale kahawa inapoachwa bila kupogolewa. Antestia anapenda mti wenye majani yaliyosongamana na kivuli kizito.

Usimchanganye na hawa

- Viwavijeshi vamizi, walioingia Tanzania mwaka 2017: hawa hutafuna majani ya mahindi na kuacha kinyesi kama vumbi la mbao.
- Vidukari: ni wadogo sana, wenye mwili laini, hukaa kwa makundi kwenye ncha changa.
- Kunguni wa kahawia wenye miiba mabegani (*Clavigralla*): ni wembamba zaidi, nao hufyonza maganda ya maharage na kunde. Udhibiti wao unafanana.
- Wadudu wa ghala: ukikuta maharage yaliyopurwa yana matundu ya duara na unga, huyo ni mdudu wa ghalani. Kunguni wa shambani hazaliani kwenye gunia.

Namna ya kukagua shamba

Ingia shambani asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Muda huo kunguni bado wana baridi, hawana kasi, na wengi hukaa juu ya mmea wakiota jua.

Kwa maharage, tandika kitambaa cheupe au kiroba kati ya mistari, kisha tikisa mimea. Hesabu wanaodondoka. Rudia sehemu kadhaa za shamba, hasa pembezoni, maana huko ndiko wanakoanzia.

Kwa kahawa, fungua matawi ya ndani na utazame vichomozo, maua na vishada vya matunda. Kipimo kinachotumika sana Afrika Mashariki ni wastani wa antestia 1 hadi 2 kwa mti. Ukifika hapo, chukua hatua. Wanaonekana wachache, lakini kwa kahawa hao wanatosha.

Hatua zisizo na gharama kubwa

1. Panda kwa wakati na kwa pamoja. Shamba lililochelewa peke yake linakuwa kimbilio la kunguni wote wa mtaa.
2. Palilia pembezoni. Ondoa magugu yanayotoa maua na mbegu kabla maharage hayajaanza kuweka maganda. Ukisubiri hadi maganda yatoke, unawafukuza kwenye magugu waingie shambani.
3. Okota na ponda mayai. Kwa shamba dogo hii inalipa. Wadudu wakubwa watumbukize kwenye ndoo ya maji yenye sabuni.
4. Pogoa kahawa. Mti ulio wazi, unaopitisha mwanga na hewa, haumfai antestia.
5. Wahi kuvuna maharage yaliyokomaa. Kila wiki ya ziada shambani ni mlo wa ziada kwake.
6. Linda marafiki. Kuna nyigu mdogo, *Trissolcus basalis*, anayetaga ndani ya mayai ya kunguni wa kijani. Australia ilimpeleka huko kutoka Misri mwaka 1933 kwa kazi hiyo. Ukikuta mayai ya kunguni yamegeuka meusi, yaache, huenda nyigu ameshayafikia.

Ikibidi kupuliza dawa

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu kibanja ndiyo jiko. Majani ya maharage huchumwa kama mboga, maharage mabichi huliwa, na watoto wanacheza chini ya migomba hiyo hiyo.

- Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kwenye duka linalotambulika, na hakikisha lebo inataja zao lako.
- Soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zikiandikwa 14, ni 14. Usichume mboga siku ya pili.
- Usipulize kahawa ikiwa kwenye maua. Robusta inahitaji chavua kutoka mti mwingine, na nyuki ni wasaidizi wa kazi hiyo.
- Puliza asubuhi au jioni, ukiwa umevaa kinga, na usitumie chupa za soda kuhifadhi dawa.
- Kama kahawa yako imesajiliwa kama kilimo hai, usiguse dawa ya viwandani kabla ya kuuliza chama chako cha msingi. Pulizo moja linaweza kuwagharimu wanachama wote. Dawa zinazotokana na pareto hutumika dhidi ya antestia, lakini nazo zinahitaji kibali cha mfumo wenu.

Ushauri wa kwanza upo kwa afisa ugani wa kata. Kwa kahawa, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) ina kituo Maruku, Bukoba.

Baada ya mavuno bado kuna nafasi

Kahawa iliyochomwa mara nyingi ni nyepesi. Ukiitumbukiza kwenye maji kabla ya kumenya au kuanika, mbovu nyingi huelea. Ziondoe. Kisha chambua kwa mkono na kutoa buni zenye madoa. Njia hii haimalizi ladha ya kiazi, ila inaipunguza.

Kwa maharage, chambua zenye madoa na zilizosinyaa kabla ya kupeleka sokoni, na usizichanganye na mbegu. Gunia pungufu lililo safi lina heshima zaidi mbele ya mnunuzi kuliko gunia lililojaa lenye mchanganyiko.

Maswali ya haraka

*Je, anauma watu?* Wale wa mazao hawatafuti damu. Usimbane tu mkononi.

*Maharage yenye madoa yanalika?* Yenye doa dogo na yaliyo makavu huliwa. Yenye ukungu, yaliyooza au yenye harufu yatupwe.

*Kama senene wanaliwa, huyu je?* Zimbabwe na kaskazini mwa Afrika Kusini kuna aina moja ya porini, *Encosternum delegorguei*, inayoliwa baada ya kuondolewa harufu. Ni aina tofauti, yenye maandalizi yake. Wa shambani Karagwe na Kyerwa usijaribu, hasa kama shamba limepulizwa dawa.

*Nianze lini kukagua?* Siku maharage yanapotoa ua la kwanza. Ukisubiri kupura, umechelewa.